Maharage ya Doreen

Kadi ya Doreen imeandikwa kwa wino wa buluu,
na pale penye neno lenye kazi kuliko yote
pana alama ya kidole chenye siagi,
kidole cha mwaka tisini na mbili.
Sijui basi kama ni mayai matatu
ama matano.
Nimevunja manne, niwe katikati ya ugomvi.

Nje ni Februari ya Sunderland.
Ukungu umepanda kutoka bandarini
ukakaa dirishani kama mdai.
Mwanahawa katoka zamu ya usiku, amelala,
nami nafungua makabati ya kwangu mwenyewe
kama mwizi.

Unga, kadi inasema, aunsi nane.
Mimi najua kibaba, najua kisaga,
najua "tia mpaka mkono ukwambie basi."
Siagi baridi, isugue kwa ncha za vidole
unga uwe kama mchanga.
Mchanga upi, Doreen?
Ule wa ufukwe wa Roker uliolowa
au ule unaoingia viatuni?
Nimechagua wa viatuni.

Kisha sentensi iliyonikalisha kitini:
*tandaza donge kwenye trei, funika kwa karatasi,
jaza maharage makavu, oka robo saa,
toa maharage.*
Nikaisoma tena. Na tena.
Yaokwe, yasiliwe?

Nikavuka barabara na unga wangu kwenye ndevu.
Doreen Hepple, miaka themanini na mmoja,
nyonga mpya ya chuma,
hakucheka. Alinyoosha fimbo:
kabati la chini, nyuma ya makopo ya supu.
Chupa. Ndani, maharage ya rangi ya chai iliyolala,
mepesi kama vifungo vya shati.
"Nimeyanunua wiki ya harusi ya Keith.
Usijaribu kuyapika, hayaivi tena.
Kazi yao ni kumkalia mwenzao
asijitutumue."

Kwetu tulipalia:
makaa chini, makaa juu ya kifuniko,
mkate katikati, kama mume wa wake wawili.
Hapa unazungusha kitufe ambacho namba zake zimefutika,
na moto hauna majivu, haukohoi,
haukwambii umefika wapi.
Nikaingiza mkono, nikahesabu kama shangazi Mwanamkuu:
usipofika kumi, umezidi.
Nilifika saba.
Nikapunguza.

Chokoleti niliiweka bakulini juu ya mvuke
kama mtu anayejifukiza mafua.
Ikalegea pembeni kwanza,
kisha yote kwa pamoja, bila kuaga,
nyeusi, nzito kama uji wa mzazi,
ikining'inia kwenye mwiko, ikifikiri.
Krimu. Sukari ya kahawia. Yale mayai ya maridhiano.
Nilishika kopo la hiliki
nikalirudisha.
Siku nyingine. Leo nataka kujua
yeye alikuwa akila nini.

Dakika arobaini. Nilizikaa zote sakafuni,
uso kwenye kioo cha oveni,
nikiitazama pai ikipumua katikati
na kutulia pembeni.
Mwanahawa akatokea na khanga na jicho moja:
"Nani kafa?"
"Hakuna. Naoka."
Akarudi kulala. Lakini mlango aliuacha wazi.

Jioni nilimpelekea Doreen kipande, na chupa yake.
Alikata ncha kwa ubavu wa uma,
akaiweka ulimini, akafumba macho
muda mrefu kiasi cha kunitia hofu.
"Ukoko mzuri," akasema. "Ila imekosa kahawa.
Kijiko kimoja, ya unga, ndani ya krimu."
Kwenye kadi haimo, nikamwambia.
"Haimo. Kadi nilimwandikia mama mkwe."

Akamaliza kipande, akaokota chembe kwa kidole,
kidole kilekile, nadhani, cha ile alama,
halafu akaisukuma chupa upande wangu wa meza
na kuanza kuzungumzia bei ya gesi.

Nikavuka nayo kifuani kwenye ukungu.
Yakagonga kioo kila hatua,
makavu, mia mbili na ushei,
kama watu walioambiwa wanahama.