Daftari la Shemtoi

Mimi nilisema tuingie hivi hivi.
Tusisome kitu. Mlango ukifunguka, tutaona.

Saa tano usiku, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
simu ya wakala nimeifungia kwenye droo,
simu yangu imeegemea kopo la tangawizi.
Tuko wanane: Chande yuko Makorora kwa shemeji yake,
Riziki Muheza, mtandao wake unakuja kwa kudonoa,
Mbaruku na mdogo wake wako Chumbageni, wanagombea hedifoni moja,
wawili hatuwajui sura, sauti tu, mmoja ana kikohozi.
Na Shemtoi, fundi mafriji,
ana daftari.

Ameandika kila pigo la Malkia wa Chumvi:
akiinua mkono wa kushoto, hesabu nne, hama;
akiimba, usisimame kivulini;
akibaki na robo ya uhai ataita watoto wake,
waacheni watoto, mpigeni mama.
"Wenzetu washakufa kwa niaba yetu," anasema,
"sisi tufe tena ya nini?"

Nikamwambia: usinisimulie.

Mara ya kwanza tulikufa hata salamu hatujatoa.
Mara ya tatu Mbaruku alikimbilia ukutani, akafa peke yake.
Mara ya saba Riziki aliganda, mguu mmoja juu,
Malkia akampita kama anapita kiti.
"Waja leo, waondoka leo," akasema yule wa kikohozi,
nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Mara ya tisa ndipo nilipogundua, mimi, kwa macho yangu,
kwamba kabla hajaimba hushusha pumzi.
Kidogo tu. Mabega yanalegea.
Sikuambiwa. Niliona.
Ya kumi na nne, bando likakata.

Msinielewe vibaya.
Mchana kutwa nasoma namba za watu mara mbili, mara tatu.
Tarakimu moja ikiteleza, ada ya mtoto wa mtu
imekwenda Sumbawanga kwa bwana asiyepokea simu.
Usiku nataka mahali pa kukosea
na asidaiwe mtu.

Shemtoi naye, siku aliyokuja kulitazama friji langu la maji,
kichwa kikiwa ndani, sauti inatoka kama kisimani,
aliniambia hakuna aliyemfundisha.
Kompresa ya kwanza aliiunguza.
Ya pili ilimuunguza yeye, akanionyesha kiganja.
Ya tatu iliondoka na baiskeli ya baba yake.
"Kila ninachokijua nimekilipia.
Hiki kimoja, Mwanasiti, niache nikisome."

Sikuwa na jibu. Nikampa soda.

Jumamosi tukafuata daftari.
Kushoto, hesabu, hama. Kivulini, toka.
Dakika kumi na moja, Malkia akaporomoka
kama gunia lililokatwa kamba,
na hakuna aliyepiga kelele.
"Ee, basi?" akasema Mbaruku.
Mdogo wake alikuwa ameshalala.
Nikajiona kama niliyetuma pesa,
ujumbe ukarudi: muamala umekamilika.

Kesho yake alipita kuangalia gesi, akalisahau daftari juu ya friji.
Nikalifungua, nione kama ile pumzi imo.
Haimo.
Lakini pembeni mwa mistari, kwa penseli, herufi ndogo kama sisimizi:
Hapa Mbaruku atakimbilia ukutani. Mwacheni, atarudi.
Riziki akiganda, Chande achukue nafasi, asiulize.
Wa kikohozi huchoka baada ya saa sita, asipewe zamu ya mwisho.
Na pale Malkia anapokaribia kuimba,
amepiga mstari mara mbili, penseli imetoboa karatasi:
Hapa Mwanasiti hunyamaza.
Akinyamaza, hameni.

Kumbe usiku ule, tunakufa, tunacheka,
mwenzetu alikuwa anaandika.
Na hayo hakuna aliyekufa kwa niaba yake.

Nikalirudisha pale pale, kama sikuligusa.
Friji likanguruma kidogo, likatulia.