Ngome kwa Askofu

Ubao wetu ni kipande cha plaiwudi:
miraba myeupe, rangi iliyobaki ya mlango wa zahanati;
myeusi, oili chafu ya Boksa
iliyozama ndani ya mbao, haifutiki tena.
Ngome yangu moja ilipotea mwaka wa mafuriko.
Mahali pake tumeweka plagi iliyoungua.
Hiyo ndiyo niliyoitoa.

Jumamosi, saa kumi na moja, gereji yangu ya Oli.
Ayikoru kaingia na soksi nyeupe za zamu,
kavua kofia, kaiweka juu ya tairi:
"Leo nina saa mbili tu, Drani. Usinililie."

Anacheza kama anavyodunga sindano,
haongei, halengi mara mbili.
Kufikia hatua ya kumi na tano nimebanwa kifua,
kete zangu zinakanyagana
kama mbuzi mlangoni siku ya mnada.
Na yule askofu wake wa miraba myeusi
amekaa kona ya mbali, mnyonge, huwezi kumdhania,
ila kila njia niliyoipima
ilipita mbele ya macho yake.

Hesabu naijua. Ngome ni tano, askofu tatu.
Hata Ezati, mwanafunzi wangu, anayekosea chenji kila siku,
aliponiona naishika plagi alisema, Bosi, hapana.
Lakini spea haina bei
mpaka ujue pikipiki imezimikia wapi.
Dukani Arua plagi ni elfu nane.
Njia ya Rhino Camp, giza linaingia,
mama mjamzito amekushika kiuno,
plagi ile ile ni shilingi ngapi? Sema wewe.

Nikamla askofu. Akaila plagi,
akaigeuza kiganjani, akainusa, akacheka:
"Hii hata ingekuwa hai, ingekuwa na masizi."

Mpango ulikuwa huu,
niliufuata kichwani kama ninavyofuata waya:
miraba myeusi inayomzunguka mfalme wake
sasa ni yatima.
Farasi wangu aende kwanza nyuma, ndiyo, nyuma,
kisha pembeni, kisha aruke mara mbili
atue pale, pua kwa pua na mfalme,
aote mizizi.
Hatua nne. Akanipa zote nne,
maana mwenye mali alikuwa anahesabu mali.

Akataka tubadilishane malkia.
Bila shaka. Aliyezidi ngome hupenda uwanja mtupu.
Nikamwanua malkia wangu
kama nguo kambani, wingu likitanda.
Akamfuata. Nikamwanua tena.
Umeme ukakatika; hakuna aliyeshtuka.
Ezati akatuwashia taa ya Boksa kwa ubavuni,
na askari wangu, kizibo cha soda,
akaota kivuli cha waziri.

Saa moja kasorobo akaitazama saa aliyoibana kifuani,
akautazama ubao, mkono shavuni,
kitambo kirefu kuliko jioni yote,
kisha akaunyoosha ule mkono:
"Sare?"
Nami mwenye upungufu ningejibu nini?
Niliudaka kabla haujashuka.
Akavaa kofia. Wodi ya wazazi haingoji.

Sasa nimeuzungusha ubao,
nimekalia tairi lake, upande wake,
nimwone farasi wangu kwa macho ya aliyeumia naye,
nijisifu kidogo.
Nikaona kingine:
askari wake wa ukingoni, yule asiyesogea tangu tuanze.
Hatua moja,
na farasi niliyemlipia ngome
hana pa kurudi, hana pa kwenda.
Hatua moja tu, ya mtoto anayejifunza kutembea.

Aliiona?
Kile kitambo chote, mkono shavuni,
aliiona?
Au alikwisha kufika wodini,
anahesabu vitanda?

Jumamosi nitamuuliza.
Hapana. Jumamosi nacheza na weupe, siulizi kitu.
Nimeifuta plagi masizi, nimeirudisha konani.
Nje Ezati anapiga kiki pikipiki ya mteja,
inakohoa, haiwaki, anapiga tena,
kisha ananiita gizani:
Bosi, tuna ngome nyingine?