Barua kwa Kheta, Aliye Surat

Kheta, umeme huja saa nane za usiku.
Huja kama mgeni mwenye haraka,
hukaa saa tatu, hauagi.
Ndipo naamka, nawasha pampu,
nasimama gizani nikisikiliza mipira
ikijinyoosha kati ya matuta
kama nyoka waliokata kiu.

Si kama enzi za baba yako,
alipofungua mfereji shamba likaogelea
na jua likanywa kabla ya pilipili.
Kisima kile leo ukitupa jiwe
utamaliza kufunga kilemba
ndipo ulisikie likigusa maji.

Sasa kila mche una tundu lake:
tone, kimya, tone.
Chumvi ikiziba nazibua kwa mwiba wa mgunga,
pengine kwa mdomo.
Maji yetu yana ladha ya sarafu.

Mabua ya mawele sikumuuzia Bhikha,
ingawa ngamia wake walinitazama.
Niliyakata, nikayatandaza mashinani,
unene wa kiganja.
Mama akasimama mpakani, ushungi hadi kidevuni:
"Kinachofunikwa hivyo ni maiti."
Sikujibu. Wiki mbili tulisemezana
kwa mlio wa sufuria tu.

Mvua ikapita juu juu, ikawashukia wengine.
Majani ya pilipili za Pukhraj yakalala
kama masikio ya mbwa aliyepigwa.
Mchana mmoja mama akaja peke yake,
akidhani nimesinzia.
Akafunua mabua, akatia mkono.

Chura alikuwamo.
Chura, Kheta! Miezi miwili bila wingu,
naye amelowa, anamkodolea macho
kama mwenye nyumba aliyeingiliwa bila hodi.
Mama akamrudishia mabua yake, taratibu,
akakaa kitako palepale,
mkono wenye tope mapajani, haufuti.

Asubuhi nilimkuta anaokota mabua
yaliyopeperushwa na upepo.
Hakusema kitu. Nami sikuchokoza.

Usidhani yote ni heri.
Panya wamehamia humo,
wametafuna mpira mara mbili,
na deni la mipira bado nusu.
Lakini paa lote ni jekundu leo,
hata kunguru hawajui watue wapi.

Watu husema pilipili iliyo shamba
yakuwashia nini.
Nimetia mbili ndani ya bahasha hii.
Zitafune huko, katikati ya kelele za vitambaa,
zikuwashe.