Sahani Iliyorambwa

Saa kumi na moja alfajiri, Erie, Pensilvania.
Bomba la kwanza limefungwa, nimeingia na kikwangulio,
taa kipajini, buti hadi mapajani.
Ukuta siuoni.
Ni kome juu ya kome juu ya kome,
hakuna anayezidi ukucha wa kidole gumba,
kila mmoja kamshika mwenzake kwa nyuzi,
na wa chini kabisa kashika chuma.

Nakwangua. Ndoo inajaa.
Shombo, na kitu kingine, kama sarafu mdomoni.

Juu, Lowell Przybysz ananishikia kamba.
Ana miaka thelathini na minne kwenye mtambo huu.
Anasema utotoni, ukisimama ziwani maji kiunoni,
huoni magoti yako. Maji mazito, kijani, mchuzi.
"Na samaki?"
"Samaki," anasema, halafu anakohoa,
na kamba inatikisika kidogo.

Zilikuja meli. Zilikuja tupu, kutoka mbali,
zimemeza maji ya kwao zisipinduke,
zikayatapika hapa zipate pa kuweka ngano.
Hakuna aliyemwona akishuka.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu hakungoja ya tatu.
Lita nzima kwa siku, kila mmoja, anachuja,
anakunywa ukijani wote, riziki ya vifaranga vya samaki,
mpaka ziwa limekuwa kioo
na watalii wanapiga picha. Tazama uzuri!
Uzuri wa sahani iliyorambwa.

Mimi nimezaliwa Sengerema, kando ya ziwa
ambalo mwaka fulani hatukuliona kabisa,
gugumaji limelitandika kama godoro.
Mama alipasua njia kwa mti ili achote ndoo moja.
Nilidhani ziwa hufa kwa kufunikwa.
Sikujua linaweza kufa likiwa uchi,
jua limefika hadi sakafuni,
mwani umeota palipokuwa giza, ukaoza,
ukazaa sumu, samaki akaila, ndege akamla samaki,
na Novemba ufuko wote, weusi kwa weupe,
shingo zimelegea kama soksi.

Wa kwanza walimwita kome milia, kwa heshima ya punda.
Aliyemfuata, akamnyang'anya hata makao, wakamwita kwaga,
mnyama wa kusini mwa Afrika, nusu milia,
aliyepigwa risasi mpaka wa mwisho
akafia kwenye zizi la maonyesho huko Ulaya.
Nilisoma hayo kwenye karatasi ya mafunzo,
nikacheka peke yangu kantini:
jina la aliyemalizwa
kapewa asiyemalizika.

Getini kuna bango: WAGENI WAZUIWE.
Chini yake picha ya kome, na namba ya simu.
Siku yangu ya kwanza kazini
sikulisoma hadi chini.

"Ndoo ngapi?" Lowell anaita.
Kumi na tisa.
"Na mwezi jana?"
Kumi na tisa.
Anavuta kamba, napanda, mgongo unalia.
Nje theluji imeanza, na ziwa linaonekana hadi mawe.

Navua glavu. Kwenye mshono, karibu na kidole cha shahada,
yuko mmoja, mdogo kama punje ya ulezi,
amekwishajifunga.
Glavu nilizinunua Jumatatu.