Saa Moja ya Pili

Nilistaafu Juni, maabara ya hospitali,
miaka thelathini na minne nikiosha chupa
ambazo wengine walizisoma.
Walinipa keki, feni ya mezani,
na cheti kilichokosea jina:
mimi ni Chausiku, wao wakaandika Chausuku.

Jumatatu yake nikapanda ngazi
za kituo cha masomo ya jioni, Magomeni Mapipa,
ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri.
Nikajaza fomu kwa penseli. Umri: sitini.
Kijana wa mapokezi akachukua ufutio, akafuta.
"Mama, hapa tunaandika umri wa mwanafunzi."
Nikaomba kalamu ya wino.

Shoga yangu Mwantumu alipopata habari
akanijia na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.
Nikamrudishia kawia ufike.
Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo,
nikasema subira huvuta heri,
tukarushiana methali kama watoto na mchanga
mpaka chai ikapoa.
Kumbe hata waliotuachia maneno
hawakukubaliana.

Lakini tusidanganyane.
Muda unakata, tena kama fundi asiyepima.
Mfamasia sitakuwa.
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya umeme:
miwili ya hapa, miwili ya juu yake,
minne ya chuo, mmoja wa mazoezi,
nitoke na miaka sitini na tisa na koti jeupe
lisilo na pa kwenda.
Goti la kushoto lilijua jibu kabla ya kalamu.

Nilipofaulu darasa la saba ada ilikuwa ya mtu mmoja.
Akaenda kaka Shomari. Hakumaliza.
Sisemi aliniibia.
Nasema ada ilikuwa moja.

Sasa mbona naenda?
Mwantumu kaniuliza, na mimi sikuwa na jibu,
nikasingizia feni: nyumbani inapiga kelele.

Kisha juzi mwalimu Ndimbo,
kijana ambaye ningeweza kumzaa nikiwa mtu mzima kabisa,
akachora amonia ubaoni,
nitrojeni katikati, haidrojeni tatu pembeni,
akauliza: nani anajua inanukaje?
Darasa kimya. Vijana wakatazama simu.
Nikainua mkono, wa kwanza tangu mwaka sabini na nane.
Nikasema: kama zizi la mbuzi lililofungwa siku tatu,
halafu kofi.
Ndimbo akacheka, kisha akaacha kucheka,
akaandika maneno yangu yote chini ya mchoro.
Neno kofi akalipigia mstari.

Miaka yote ile nimeibeba mikononi,
na hakuna aliyeniambia ina umbo.

Darasa letu huanza saa moja.
Si ile ya asubuhi, ile niliipa hospitali.
Hii nyingine.
Waliotupangia saa, jua lilipozama,
hawakuendelea na kumi na tatu.
Walirudi moja.
Sijui kama ilikuwa hekima
au walichoka tu kuhesabu.
Mama alinizaa saa hizo hizo, taa ya chemli ikiwaka,
akanipa jina la saa yenyewe, basi.
Wala usiku nao hauna ukarimu:
una saa zake kumi na mbili, na nyingi ni za kulala.

Leo Alhamisi. Vijana wameshuka,
harufu ya chipsi mayai inapanda dirishani,
mwendokasi limepita na watu wake wamesimama.
Swali la nne bado halijalingana,
kulia kuna oksijeni moja imezidi
na sijui nimeitoa wapi.
Geti linafungwa saa tatu na nusu.
Mlinzi yuko mlangoni, anatikisa funguo.

Namwambia, ngoja.