Tofaa la Keziah

Nilikwenda kwa Aubrey Gittins kununua baiskeli kuukuu,
nikarudi kwa miguu, gunia la matofaa begani.

"Usiyale," aliniambia. "Bado."
Ilikuwa Oktoba, mvua ya Herefordshire ikitupiga ubavuni,
nami kwa ubishi nikauma moja palepale uani.
Lo! Meno yaliganda, sikio likaita.
Mzee alicheka mpaka akashika mti.

Sura halina, niseme kweli.
Ngozi ya msasa, rangi ya kutu,
bega moja juu, jingine chini,
kama mtu aliyelalia upande mmoja safari nzima.
Sokoni Ledbury halijapata bei hata siku moja.
Ila likishaiva, litikise karibu na sikio:
mbegu zimebanduka ndani, zinacheza,
kayamba dogo la mtu mmoja.

Asili yake, asema Aubrey, ni dirisha la treni.
Abiria fulani, mwaka fulani, alitafuna akatupa kiini.
Keziah Preece, mke wa mshika bendera,
akianika mashuka kando ya reli, akauona mche,
akauchomekea kigingi, akaufunga kwa utepe wa aproni.
(Baba yake Aubrey alikana: hapakuwa na abiria,
Keziah alikula mwenyewe, akaona haya kusema ni la wizi.)
Reli ziling'olewa, zikauzwa vyuma chakavu.
Tuta likabaki, na mti juu yake.

Nikamwambia, kwetu mtoto wa nyoka ni nyoka.
Akatikisa kichwa.
Panda mbegu mia za tofaa hili,
utavuna matofaa ya namna mia, wageni watupu,
hata moja halimjui mama yake.
Ndiyo maana unakata kijiti, unene wa penseli,
unakifunga kwenye shina la mti mwingine,
jeraha kwa jeraha,
unapaka nta, unakwenda zako.
"Basi mti huu wako na ule wa Keziah..."
"Ni uleule. Umebadili miguu tu."

Februari, mwenye nyumba wangu, Bi Philpotts, alibisha hodi
kuuliza napika nini usiku wote ule.
Nikamfungulia kabati:
magazeti, nyasi kavu,
na matofaa yamesinyaa kama visigino.
Tulikula mawili, tumesimama.
Ule ukali wa Oktoba haukuwa umeondoka;
ulikuwa umekaa chini ya asali, umetulia.

La tatu alilitikisa kwanza.