Mwisho wa Uongo

Kanda mia nne na kumi na mbili. Diski mia saba na tatu.
Nimehesabu mara mbili, maana mara ya kwanza
Jagna alinipigia simu kutoka Poznań, nimefika wapi,
nikapotea kwenye rafu ya tatu,
pale baba alipozipanga filamu za vita ubavuni mwa katuni
kwa utaratibu alioujua yeye na Mungu wake.

Nyumba inatakiwa mwisho wa mwezi.
Ghorofa ya nne, lifti mbovu,
na huko chini theluji ya Bydgoszcz imekwisha kuwa tope.

Alitangulia Bwana Cyryl, mwenye duka.
Alikuja na mzani wa ndoano, kama anayepima viazi.
"Diski nachukua, nusu zloti moja kwa nyingine.
Kanda, hata bure sizitaki. Mashine zake
zimekufa kabla ya wenyewe."
Kisha akaliona koti la baba, bado li msumarini.
Akashusha sauti. Bei hakuipandisha.

"Usikubali," Jagna akasema. "Uza moja moja.
Haba na haba hujaza kibaba."
Ndiyo, dada, ila kibaba changu kina siku kumi na tisa.
Nikapiga picha, nikaandika: mkwaruzo mdogo,
kasha limepasuka pembeni, picha safi, sauti inakatika dakika ya arobaini.
Nikauza saba kwa wiki.
Stempu zilikula nne.

Jumapili nikabeba mabegi mawili hadi gulioni,
nyuma ya machinjio ya zamani.
Nilisimama saa tano, soksi zimelowa.
Mzee mmoja akanunua makasha kumi na mawili,
akayafungua palepale, akanirudishia yaliyomo:
ana mbegu za nyanya za kuhifadhi.

Ni yeye aliyenionyesha vikaratasi.
"Na hivi je, vyako?"

Kila kasha lilikuwa nacho, kimekunjwa mara mbili,
kwa penseli ya fundi wa tramu:
tarehe, ametazama na nani, alama kati ya kumi.
*Peke yangu. Sita. Mvua.*
*Na Zenobia, kabla hatujagombana. Tisa.*
*Peke yangu. Nimesinzia. Kosa si la filamu.*

Bwana Cyryl akasema vitoe, ni uchafu, vinashusha bei.
Mama mmoja wa Toruń, Ludomira, akaandika:
usithubutu kuvitoa, nalipa mara tatu.
Basi nikaijua njia bora ya kuuza: mpate Ludomira.
Kisha wapate wengine mia tatu kama yeye,
kabla ya tarehe thelathini.

Usiku wa mwisho nilikaa sakafuni nikivitoa, kimoja kimoja.
Kwenye ile ya mbwa na mlinzi wa reli kulikuwa na hiki:
*Na Jagna, homa thelathini na tisa. Kalala kabla haijaisha.
Asubuhi ameniuliza, mbwa je?
Nimempa mwisho wa uongo.*

Nilimkumbuka mbwa yule anayerudi nyumbani,
mguu mmoja umefungwa kitambaa.
Nami nilisimuliwa vivyo hivyo, na Jagna,
aliyenisimulia miaka yote kwa yakini ya aliyeona.
Nikaitia diski kwenye mashine. Nikatazama hadi mwisho.
Hapana. Harudi.

Diski mia sita na themanini zilishuka ngazi
kwenye maboksi ya ndizi. Kanda zilifuata,
zikakaa kando ya pipa la taka, zimepangwa.
Vikaratasi vilitosha kwenye boksi moja la viatu,
namba arobaini na tatu.

Simu ikalia. "Umepata ngapi?"
Mkononi nina mia tatu na arobaini,
noti moja imechanika.

"Elfu mbili," nikasema. "Na ushei."
Kimya. Kisha nikamsikia akipenga kamasi,
akicheka kidogo. "Nilikwambia," akasema.
"Nilikwambia uwe na subira."